Meli Iliyosimama Unguja, Mzinga Uliolia Kondoa

Kutoka Dodoma hadi ufukwe wa Dar es Salaam ni kilomita 450 hivi kwa barabara, na umbali huo umetufanya tuamini kwamba habari za meli ni za watu wa pwani. Mtu akitaja manowari, jahazi au yoti, husikilizwa kwa adabu, kisha mazungumzo hurudi kwenye mvua, zabibu na bei ya alizeti.

Lakini iko meli moja iliyosimama bandari ya Zanzibar ili itengenezwe, Septemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeanza, na yaliyoanzia pale hayakuishia baharini. Yalipanda hadi uwanda wetu wa kati, yakafika Kondoa, na mwisho yakaingia kwenye maghala ya nafaka ya Wagogo. Nimeisikia habari hii tangu utotoni, vipande vipande, kweli ikiwa imechanganyika na uzushi. Nimeamua kuyachukua madai ninayoyasikia mara nyingi na kuyapima, kwa sababu sehemu inayotuhusu sisi wa bara ndiyo inayorukwa kila inaposimuliwa.

“Chombo kikishatia nanga kisiwani, kimepona.”

Si kweli, ingawa naelewa imani hii ilikotoka. Tangu zamani vyombo vilivyovunjika mlingoti au kuanza kuvuja vimekuwa vikikimbilia visiwa vya pwani yetu: Lamu, Unguja, Mafia. Watu hudhani sababu ni utulivu wa upepo tu. Sababu kubwa zaidi ni maji yenyewe. Wakati wa bamvua, kimo cha maji kujaa na kupwa kule Unguja hupishana kwa karibu mita nne. Nahodha huleta chombo ufukweni maji yakiwa yamejaa, hukiegemeza kwa magogo, kisha husubiri. Maji yakipwa, chombo kinabaki mchangani, kikavu mpaka mkukuni, na mafundi wana saa chache za kufanya kazi kabla bahari haijarudi. Pamba iliyolowekwa mafuta hupigwa ndani ya nafasi za mbao mpaka zizibe. Hiyo ndiyo kalafati. Chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, ili wadudu wa baharini wasizitoboe mbao. Kwenye maji mafu kazi hii haifanyiki vizuri, kwa kuwa maji hayapandi wala kushuka vya kutosha, na nahodha asiye na subira huharibu chombo chake mwenyewe. Nungwi, kwenye ncha ya kaskazini ya Unguja, vyombo vya mbao vingali vinaundwa na kutengenezwa ufukweni hadi leo. Mwenye yoti aliyetoka ng'ambo, akitaka kuona usukani wake ulivyopinda, anaweza kuitumia bamvua ileile kama wanavyoitumia wavuvi.

Kwa hiyo kisiwa kinatibu chombo. Kukilinda ni jambo jingine. Ndani ya bandari hiyohiyo ya Zanzibar, tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza waliizamisha Glasgow, meli ya kifahari ya Sultani, katika vita vilivyodumu chini ya saa moja. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji mbele ya mji kwa miaka mingi. Watu wa Unguja walikuwa na ushahidi mbele ya madirisha yao kwamba nanga haizuii kombora.

Miaka 18 baadaye ikawa zamu ya Waingereza wenyewe. Manowari yao Pegasus ilikuwa imeshushwa majini mwaka 1897, na kufikia 1914 ilikuwa imezeeka kwa viwango vya manowari. Boila zake zilihitaji kusafishwa na injini yake ilihitaji kutengenezwa. Kapteni wake, John Ingles, akaileta Zanzibar, mafundi wakafungua mitambo. Meli yenye mitambo iliyofunguliwa haiwezi kung'oa nanga ikakimbia. Ni kama basi lililoinuliwa kwa jeki njiani Manyoni, magurudumu yako chini ya mti. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ikatokea kwenye mlango wa bandari na kuanza kupiga kutoka umbali wa kilomita kadhaa. Mizinga ya Pegasus ilijibu, lakini makombora yake hayakufika. Ya Wajerumani yalikuwa na masafa marefu zaidi. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, wengine zaidi ya 50 wakajeruhiwa, na meli ikazama mchana wa siku ileile.

“Wajerumani waliikuta Pegasus kwa bahati.”

Si kweli. Kapteni Max Looff wa Königsberg alikuwa amejificha kwenye delta ya mto Rufiji, akiwa na shida kubwa ya makaa ya mawe. Wajerumani walikuwa na watu pwani wanaotazama baharini na kupeleka taarifa, na taarifa iliyomfikia ni kwamba manowari ya Kiingereza imeingia Zanzibar. Akatoka usiku ili afike kunapokucha. Kitu pekee ambacho huenda hakukijua kwa ukamilifu ni jinsi adui yake alivyokuwa amefungua injini.

“Meli iliyoshinda ilirudi Rufiji nzima.”

Hapa ndipo wasimuliaji wengi hukosea, na mimi naona ndipo kiini cha habari kilipo. Si kweli. Königsberg ilipata hitilafu kubwa ya injini mara baada ya kuizamisha Pegasus. Meli iliyokwenda kuiua meli mbovu ikarudi nayo ikiwa mbovu, na tofauti ilikuwa saa chache tu. Ikabidi ijifiche tena ndani ya mikoko ya Rufiji, safari hii si kwa kuvizia bali kwa kungoja vipuri.

Delta haikuwa na karakana. Vipande vilivyovunjika vilisafirishwa nchi kavu hadi Dar es Salaam, vikatengenezwa huko, kisha vikarudishwa kwa njia ileile. Fikiria chuma kizito cha meli kikipita kwenye matope na michanga ya Rufiji bila barabara ya maana. Kazi hiyo ilifanywa kwa migongo na mikono ya Waafrika. Wakati meli inakaribia kuwa tayari, Waingereza walikwisha kuigundua: manowari yao Chatham iliiona mwishoni mwa Oktoba 1914, na tarehe 10 Novemba wakaizamisha makusudi meli iitwayo Newbridge katika mkono mmoja wa mto ili kuziba njia. Königsberg haikuiona tena bahari.

“Mamba na malaria ndivyo vilivyoimaliza Königsberg.”

Kweli kwa sehemu ndogo. Homa iliwadhoofisha mabaharia kwa miezi minane ndani ya joto na mbu, hilo halina ubishi. Lakini meli iliangamizwa kwa makombora, na kisiwa kingine cha matengenezo ndicho kilichowezesha. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915. Wakazileta huko Severn na Mersey, manowari zisizohitaji kina kirefu cha maji ambazo awali zilikuwa zimeundwa kwa ajili ya Brazil, zinazoweza kupita mtoni pasipofaa manowari za kawaida. Tarehe 6 Julai 1915 ziliingia deltani zikashindwa, Mersey ikapigwa na kupoteza watu. Zikarudi Mafia, zikatengenezwa haraka, na siku tano tu baadaye, tarehe 11 Julai, zikaingia tena zikisaidiwa na ndege iliyokuwa ikiziongoza kwa kuangalia makombora yanapoangukia. Königsberg ikawaka, na Looff akaamuru ilipuliwe.

Basi katika mkasa mmoja meli zimesimama kutengenezwa mara tatu: Unguja, Rufiji, Mafia. Ya kwanza ilikufa ikitengenezwa. Ya pili ilinaswa kwa sababu ya kungoja kutengenezwa. Za tatu ziliwahi kupona, nazo zikashinda.

“Mzinga wa meli ulilia Kondoa.”

Kweli.

Wazee wa Kondoa wakisema hivyo, vijana hucheka, maana toka Kondoa hadi bahari yoyote ni safari ya siku nyingi kwa miguu. Lakini Wajerumani waliokoa mizinga yote kumi ya Königsberg kutoka kwenye maji ya Rufiji. Ikapelekwa Dar es Salaam, ambako karakana ziliiundia magurudumu ili manowari iliyokufa iendelee kupigana nchi kavu. Mmoja ulifungwa kwenye meli Götzen katika Ziwa Tanganyika. Mingine ikatawanywa kwenye mapigano ya nchi nzima, na mmoja ukaletwa Kondoa-Irangi.

Hebu nieleze ulivyofika, kwa sababu hapa ramani ya vita ni ramani ya kwetu. Aprili 1916 jeshi la Afrika Kusini lililokuwa upande wa Uingereza, likiongozwa na Jenerali van Deventer, lilishuka kutoka upande wa Arusha na kuiteka Kondoa tarehe 19. Masika ya mwaka ule yalikuwa makali. Njia ziligeuka matope, chakula kilikuwa hakifiki, farasi walikufa kwa mamia. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, akaona nafasi. Akawatoa askari wake upande wa kaskazini mashariki, akawapandisha kwenye reli ya kati, wakashukia Dodoma, kisha wakatembea kuelekea kaskazini kilomita kama 160 hadi milima ya Kondoa. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Mei walishambulia, wakashindwa na kupoteza watu wengi. Baada ya hapo pande mbili zilibaki zikitazamana kwa wiki kadhaa, na ndipo mizinga ilipofanya kazi yake. Mzinga wa Königsberg ulikuwa na kipenyo cha sentimita 10.5, uliundwa kwa ajili ya bahari iliyo wazi, na masafa yake yaliwashangaza waliokuwa chini mjini.

Mtutu wake peke yake ulizidi tani moja. Stesheni ya Dodoma ilikuwa na reli tangu mwaka 1910, kwa hiyo chuma kizito kilifika hapa kwa treni. Kutoka hapa kwenda Kondoa hakukuwa na treni. Kulikuwa na kamba na watu, mamia ya watu kwa mzinga mmoja, kwenye njia ambazo masika yalikwisha kuzilainisha, na milima inayoanza kupanda kabla hujafika. Nikipita njia hiyo leo kwa basi, kwenye lami, nikiwa nimekaa, hujikuta nikihesabu miinuko.

Lettow-Vorbeck aliondoka Kondoa mwishoni mwa Juni. Tarehe 29 Julai 1916 van Deventer aliingia Dodoma.

“Liemba iliundwa Kigoma.”

Si kweli, na hili nalitaja kwa ufupi kwa sababu linahusu stesheni yetu pia. Götzen, ndiyo Liemba yenyewe, iliundwa mwaka 1913 Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikafungashwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, ikapandishwa reli kupitia Dodoma hadi Kigoma na kuunganishwa upya. Ilishushwa ziwani Februari 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Kwa hiyo yule anayesema Dodoma haijawahi kuona meli amekosea mara mbili. Na mara ya tatu pia: mwishoni mwa mwaka 1874 Henry Morton Stanley alipita Ugogo na mashua yake Lady Alice iliyokatwa vipande ili ibebwe na wapagazi mabegani kutoka Bagamoyo hadi Ziwa Victoria. Wagogo wa siku hizo waliona mashua kwenye nchi kavu miaka 40 kabla ya makasha ya Götzen.

“Vilikuwa vita vya Wazungu; sisi tulitazama tu.”

Katika madai yote, hili ndilo linaloniumiza, kwa sababu hulisikia kutoka kwa watu wetu wenyewe. Si kweli hata kidogo.

Anza na waliobeba. Vita vile katika Afrika Mashariki vilipiganwa kwenye nchi isiyo na barabara na yenye mbung'o waliomaliza farasi na ng'ombe wa kukokota. Kila gunia la unga, kila sanduku la risasi, kila kipande cha mzinga kilihitaji kichwa au bega la mtu. Waingereza waliunda kikosi cha wapagazi, na jina lake la Kiingereza, likitamkwa kwa ulimi wa Kiswahili, ndilo lililotupa Kariakoo ya Dar es Salaam. Wapagazi waliokufa upande wa Uingereza pekee wanakadiriwa kukaribia 100,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, nimonia, njaa na uchovu. Wajerumani nao waliwakusanya watu kwa nguvu na hawakuweka hesabu nzuri ya waliokufa mikononi mwao.

Kisha angalia waliobaki nyumbani. Ugogo ni nchi ya mvua chache. Mwaka mzuri hujaza ghala la mtama na uwele, na ghala hilo ndilo bima ya mwaka mbaya. Ng'ombe ni bima ya pili. Jeshi lililokuwa likipeleka watu na mizinga Kondoa lilikula kutoka hapa. Lilipoondoka, jeshi lililolifukuza likala pia kutoka hapa. Nafaka ikachukuliwa, ng'ombe wakachukuliwa, na vijana ambao wangelima wakachukuliwa kuwa wapagazi. Mvua ziliposhindwa, bima zote mbili zilikuwa zimekwisha kuliwa na watu waliovaa sare. Njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920 Wagogo waliipa jina lake, Mtunya, na katikati yake likaja gonjwa la mafua lililozunguka dunia mwaka 1918. Maelfu ya watu walikufa, wengine wakauza kila walichokuwa nacho, wengine wakahama wasirudi.

Nimewahi kusikia watu wakieleza Mtunya kama ukame tu, kana kwamba mbingu peke yake ndiyo iliyoyamaliza maghala. Ukame ulikuwepo. Ugogo imepata ukame mara nyingi kabla na baada ya hapo, na ina njia zake za kuishi nao: kutawanya ng'ombe kwa ndugu na marafiki wa mbali, kuweka nafaka ya zaidi ya msimu mmoja, kwenda kuhemea kwa majirani waliovuna. Vita vilivunja kila mojawapo ya njia hizo. Ng'ombe waliotawanywa walikutwa na kukusanywa, akiba ilichotwa, na majirani nao walikuwa wamechotewa. Mwenye kutaka kuielewa njaa ile aanze na mizinga iliyopita hapa, na mwenye kutaka kuielewa mizinga hiyo aanze na injini iliyofia njiani kutoka Zanzibar.

“Siku hizi hakuna kilichobaki cha kuona.”

Si kweli. Ukipanda boti kutoka Mji Mkongwe kwa dakika chache tu, utafika kisiwa kidogo cha Chapwani, ambacho wageni hukiita Kisiwa cha Makaburi. Mabaharia wa Pegasus wamezikwa hapo. Mombasa, ndani ya Ngome ya Yesu, mzinga wa Pegasus na mzinga wa Königsberg imewekwa pamoja, maadui wawili wa alfajiri ile. Mizinga mingine ya Königsberg iko Pretoria na Jinja. Katikati ya Dar es Salaam sanamu ya Askari imesimama tangu mwaka 1927, bunduki mkononi, na maandishi yake yanawakumbuka askari na wapagazi kwa jumla, bila jina la hata mmoja wao.

Kondoa na Dodoma hali ni tofauti: wengi waliokufa huko hawamo hata kwenye hesabu ya waliosahauliwa. Mwezi Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa wakiutumikia upande wa Uingereza katika vita vile hawakuandikwa kwa majina yao popote, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Tume ikaomba radhi. Hesabu hiyo haiwagusi waliovuta mzinga wa Königsberg kutoka stesheni ya Dodoma hadi Kondoa, kwa kuwa wao walikuwa upande wa Wajerumani. Haiwagusi pia waliokufa kwa Mtunya, kwa kuwa hao hawakuwa na kikosi chochote. Majina yao, yaliyobaki, yako kwa bibi na babu wachache waliosimuliwa na wazazi wao, katika vijiji vya kati ya Dodoma na Kondoa, na hao bibi na babu sasa nao ni wazee sana.